Jiwe Lisilo na Jina

Siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali kuliko siku zote, Kimbiji huamka mapema lakini haina haraka. Bahari ndiyo yenye saa. Wanawake huchemsha chai, hufagia uwanja, huwaogesha watoto, huku sikio moja liko pwani. Maji yakianza kurudi nyuma, mlio wa mawimbi hubadilika. Hupungua, huenda mbali, kama mtu anayeongea huku anaondoka. Hapo kila mwanamke huchukua kikapu chake.

Jumapili moja ya mwaka 1993, Mwanabaraka alikuwa uani anamenya mihogo. Mumewe, Mfaume, alikuwa mbele ya nyumba, amepindua baiskeli ya mtu magurudumu juu. Mfaume alikuwa fundi wa baiskeli na wa kuziba pancha. Kazi yake ilikuwa ya kubahatisha, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Nyumba yao ilisimama kwa pweza. Zamani pweza alikuwa kitoweo tu. Tangu biashara ilipofunguliwa, gari lilianza kuja Kimbiji na masanduku ya barafu, likanunua pweza wote na kuwapeleka mjini. Sasa pweza alikuwa sabuni, madaftari ya watoto na bati la paa.

Siku hiyo haikuwa ya kawaida. Binti yao Nusaiba, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, alikuwa anakwenda kuonyeshwa mawe.

Mgeni akiutazama mwamba wa Kimbiji maji yakiwa yamekupwa, ataona mawe tu. Ni macho yake hayo, tusimlaumu. Wanawake wa pale wanaona mtaa. Kila jiwe lina jina, na kila jina lina mwenyewe. Mwanabaraka alirithi mawe yake kwa mama yake mzazi. Lipo Jungu, lenye tumbo kubwa. Lipo Kitanda, lililo bapa. Lipo Bibi Harusi, ambalo halikosi mwani kichwani. Chini ya kila jiwe kuna shimo, na ndani ya shimo hukaa pweza. Ukimtoa huyu, baada ya muda mwingine huhamia. Basi mtu anayeyajua mawe yake halali njaa.

Mama yake alimwachia pia masharti. La kwanza, usiyakanyage maua. Maua ni matumbawe yaliyo hai, yale yenye rangi, ambayo yakikanyagwa yanakufa. La pili, usivae viatu mwambani. "Viatu vinaziba mguu," mama yake alikuwa akisema. "Mguu ndio utakaokuonyesha njia." Mwanabaraka aliyashika yote mawili.

Wifi yake, Mwajabu, dada yake Mfaume, aliingia uani bila kubisha.

"Wifi, mwali wetu yuko tayari?"

"Yuko tayari tangu alfajiri," alisema Mwanabaraka. "Hata chai hakuimaliza."

"Basi umwonye. Akiyaona mawe yangu, asiyahusudu. Mie mawe yangu makubwa."

"Makubwa, ila ndani hamna mtu."

Mwajabu alicheka. Nusaiba naye akacheka, akajifunga khanga kiunoni. Mfaume akainua kichwa kutoka kwenye mnyororo wa baiskeli, akawatazama watatu wale wakishuka pwani. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa asubuhi ile.

Maji yalikuwa yamekwenda mbali. Mwamba wote ulikuwa wazi, unang'aa kwa unyevu. Kila kidimbwi kilikuwa na anga lake ndani na kipande chake cha wingu. Vidagaa vilipita juu ya mawingu hayo bila kuyatikisa. Upepo ulikuwa mdogo. Sauti za wanawake wengine zilisikika kutoka mbali, lakini maneno hayakufika, ulifika mlio wake tu. Nusaiba alitembea taratibu. Alihisi kama ameingia kwenye nyumba ya watu waliolala.

"Hili ndilo Jungu," mama yake alimwambia. "Bibi yako alinionyesha nikiwa na umri kama wako. Inama uone mlango wake. Ukiona maganda ya kaa yametupwa nje, ujue mwenyewe yumo, amekula, ametupa taka."

Nusaiba aliinama. Aliyaona maganda.

"Nimtoe?"

"Ngoja. Kwanza ujue njia. Kutoka hapa unakwenda Kitanda. Katikati kuna jiwe dogo la kukanyagia. Huna haja ya kulitazama. Mie nalikanyaga miaka yote hii, hata usingizini naweza."

Akamwonyesha. Aligeuza uso kwa binti yake huku anaendelea kusema, akainua mguu wa kulia, akaushusha pale mguu wake ulipozoea.

Jiwe lilikuwa laini.

Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye, kwamba lilikuwa laini. Kisha maumivu yakaja. Yalianzia kwenye wayo, yakapanda mpaka kwenye goti, yakapanda mpaka kinenani. Mwanabaraka alikuwa amezaa watoto wanne, na hakuwa mtu wa kelele. Alikaa chini majini. Uso wake ulibadilika rangi.

"Mama, nini?"

"Jiwe," alisema. "Jiwe limenichoma."

Mwajabu alifika mbio. Alitazama chini, akaona mchanga, mawe na mwani. Hakuona mwiba wala kitu chenye uhai. Akamshika wifi yake mkono mmoja, Nusaiba akashika mwingine, wakamkokota mpaka nchi kavu. Njiani Mwajabu alisema kwa sauti ya chini, lakini Nusaiba alimsikia.

"Mwamba umemkataa mtoto. Siku ya kuonyeshwa mawe, mama yake anachomwa na jiwe. Hii si bure."

Maneno yale yalimwingia Nusaiba kifuani yakakaa humo.

Nyumbani, mguu ulikuwa umevimba. Mwanabaraka alilazwa mkekani, anatetemeka. Mwajabu alifungua kamba ya ndoo, akamfunga juu ya kifundo ili sumu isipande. Aliagiza wembe amchanje. Aliagiza mafuta ya taa amwagie. Alikuwa na huruma nyingi na haraka nyingi, na hivyo viwili vikikutana mgonjwa huwa na kazi.

Bahati nzuri Nusaiba alikuwa ameshatoka mbio. Alikwenda nyumba ya tatu, kwa Genoveva, muuguzi wa zahanati. Genoveva alikuwa mwenyeji wa Bukoba. Majirani walimwita Mama Edgar, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa ameishi Kimbiji miaka mingi bila kuingiza hata kidole cha mguu baharini. Alisema ziwa la kwao analielewa, lakini maji yanayoondoka na kurudi hayaelewi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Edgar, karibu," alisema Mfaume. Mikono yake bado ilikuwa na grisi. "Mke wangu anakufa."

"Hafi. Amekanyaga nini?"

"Jiwe."

Genoveva alipiga magoti, akautazama wayo. Aliona vitundu vidogo, na nyama iliyovizunguka imegeuka rangi. Akaiondoa ile kamba, akaiweka pembeni.

"Pole sana, mama. Unahema vizuri? Kifua hakibani?"

"Nahema. Mguu tu. Ukateni huu mguu."

"Hatuukati. Nusaiba, kuna sufuria motoni?"

"Ipo, mama."

"Ongeza maji, yawe mengi. Lete na beseni."

Maji yalipopata moto, Genoveva aliyachanganya na ya baridi kwenye beseni. Akaingiza mkono wake mwenyewe, akautoa, akaongeza ya moto kidogo, akaingiza tena, akaushikilia humo.

"Mbona unajiunguza wewe?" aliuliza Mwajabu.

"Napima. Mguu wenye sumu hauwezi kuhukumu moto. Ukimwuliza mgonjwa, atakuambia maji ni sawa, kumbe yanambabua. Kwa hiyo mtu mzima wa afya anapima kwa mkono wake. Yawe ya moto sana, lakini yavumilike."

Akauingiza ule mguu taratibu.

"Kwa nini maji ya moto?" aliuliza Mfaume.

"Kwa sababu huyu si jiwe. Huyu ni samaki. Nilianzia kazi Kilwa, na huko wavuvi walikuwa wanaletwa hivi hivi. Kuna samaki anakaa chini kama jiwe, mgongoni ana miiba yenye sumu. Sumu ya samaki huyu haipatani na joto. Joto linaivunja nguvu."

"Tumkalishe hivi mpaka lini?"

"Mpaka maumivu yatulie. Huwa nusu saa, huwa saa nzima na zaidi. Maji yakipoa, toa mguu kwanza, ndipo uongeze ya moto."

Mwajabu alikuwa bado ameshika wembe. "Na kumchanja?"

"Wembe ni wa kunyolea, dada yangu. Ukimchanja unafungulia uchafu uingie. Ukimfunga kamba unazuia damu, nyama inaoza. Na hayo mafuta tuyatie kwenye taa, jioni tuonane."

Mwajabu alitaka kununa, lakini akajikuta anatabasamu. Akaenda kuchochea kuni.

Mwanabaraka alifumba macho. Maumivu yalianza kushuka kama maji ya bamvua, kidogo kidogo, kila yakirudi yanaishia chini zaidi. Katikati ya kulala na kuamka, aliota.

Aliota yeye ni jiwe. Alikuwa amekaa chini ya bahari, mwani umemwota mgongoni. Hakuwa na huzuni. Samaki wadogo walipita karibu na uso wake bila kumjua. Mwanga ulimshukia na kumwondokea. Kisha aliona mguu wa mtu unakuja juu yake. Aliujua, kwa kovu lake na kwa pete ya fedha ya kidole. Ulikuwa mguu wa mama yake. Alitaka kumwita, lakini jiwe halina sauti. Mguu ulisimama hewani. Ukakaa pale muda mrefu. Kisha ukasogea pembeni, ukashuka mchangani, ukapita.

Alipoamka, aliweza kusema bila kuuma meno.

"Nimemwona mama," alisema.

Genoveva aliusafisha mguu kwa sabuni na maji safi. Alitazama kama kuna mwiba uliobaki, hakuuona. Mfaume akampakia mkewe kwenye baiskeli ile ya mtu, wakampeleka zahanati. Huko alichomwa sindano ya kuzuia pepopunda na kupewa dawa za maumivu.

"Mwangalieni," Genoveva alimwambia Mfaume. "Akihema kwa shida, akizimia, au uvimbe ukizidi kupanda, msingoje asubuhi. Tafuteni gari, mumpeleke hospitali."

Hakuzimia. Lakini mguu ulichukua muda kupona, na moyo ulichukua muda zaidi.

"Nusaiba hatakwenda mwambani tena," Mwanabaraka alisema siku alipoweza kukaa kitako. "Hata mie siendi. Mwajabu kasema kweli. Mwamba umetukataa."

"Mama, Mama Edgar kasema ni samaki," alisema Nusaiba.

"Mama Edgar kamwona?"

"Hajamwona."

"Basi. Nami sikumwona. Niliona jiwe."

Nusaiba alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alikuwa ameyaota mawe yale tangu utotoni. Aliyajua majina yake yote kabla hajajua kusoma. Sasa aliona kama amefungiwa mlango wa kwao.

Mfaume aliyasikia yote. Ni mtu ambaye hana maneno mengi, ila mikono haitulii. Alimpenda mkewe, na alikasirika kuona anachechemea. Kesho yake, maji yalipokupwa, alibeba mtaimbo begani akashuka pwani peke yake. Aliwaza hivi: kama kuna mnyama amejificha kwenye mawe, dawa yake ni kuyavunja mawe. Ukiondoa maficho, umemwondoa anayejificha. Alilifikia Jungu akaanza.

Jungu lilikuwa limekaa pale kabla ya babu zake kuzaliwa. Lilipasuka kwa pigo la nne au la tano. Mfaume akaingiza ncha ya mtaimbo kwenye ufa, akabinua. Kipande kikubwa kiligeuka, tumbo likatazama jua.

Hapo alisimama.

Ndani ya jiwe palikuwa na watu, ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye. Kaa wadogo walikimbia kila upande. Samaki wa rangi ya manjano, wembamba kama vidole vya mtoto, waliruka kwenye unyevu uliobaki. Kwenye dari ya lile shimo vilining'inia vishada vyeupe, vingi, laini, mithili ya shanga. Na kando alikuwa pweza jike, amekonda, hakukimbia. Aliinyoosha mikono yake kuvifunika vile vishada. Yalikuwa mayai yake.

Mfaume alijaribu kulirudisha lile jiwe. Halikurudi kama lilivyokuwa. Alilirudisha hivyo hivyo, akapanga vipande juu ya vipande, akamwagia maji kwa mikono yake miwili, tena na tena, mpaka bahari ilipokuja kumsaidia.

Alifika nyumbani amelowa mpaka kifuani.

"Nimevunja Jungu," alimwambia mkewe.

Mwanabaraka alimtazama. Alidhani hakusikia vizuri.

"Nilitaka nimwondoe huyo samaki. Nilisema nikiondoa mawe, hutachomwa tena."

"Jungu la mama yangu?"

"Ndiyo. Nisamehe. Ndani mlikuwa na pweza amelalia mayai."

Mwanabaraka alilia. Mfaume alikaa kando yake mkekani, maji yanamdondoka. Genoveva alikuja jioni ile kuuangalia mguu, akawakuta hivyo. Alielezwa. Akakaa juu ya kigoda, akafikiri.

"Baba Nusaiba," alisema, "huyo samaki hakumfuata mama. Nilivyofundishwa, miiba ile haiwindi. Ni ya kujikinga tu. Chakula chake ni vidagaa vinavyopita mbele ya mdomo. Anakaa kimya, mwani unamwota, watu wanamdhania jiwe. Ngozi hiyo ndiyo ulinzi wake. Mwamba ndio nyumba yake. Na nyumba yake ndiyo hiyo hiyo nyumba ya pweza wenu. Huwezi kumbomolea mmoja ukamwachia mwingine."

"Sasa nimeona," alisema Mfaume. "Ningesikia tu, labda nisingeamini."

Mwanabaraka alijifuta uso kwa khanga.

"Nataka kumwona," alisema.

"Nani?"

"Huyo aliyenichoma. Kama ni samaki, nataka nimwone kwa macho yangu. Bamvua ijayo nakwenda. Na wewe, Mama Edgar, tunakwenda wote."

"Mimi siendagi baharini, mama. Unajua."

"Najua. Na mie nilikuwa siogopi. Sasa tuko sawa."

Siku zilizofuata Mfaume alitafuta tairi kuukuu la lori. Alilikata nyayo nene, akazipigilia mikanda, akashona na kamba ya nyuma ili zisichomoke majini. Zilikuwa katambuga nzito, mbaya kwa sura, ngumu kwelikweli. Alitengeneza jozi tatu. Mwajabu alipoziona alisema pweza wote wa Kimbiji watahama kwa kelele. Kesho yake alikuja kuulizia jozi yake, ikawa ya nne.

Mwanabaraka alizishika mkononi muda mrefu. Alikumbuka sharti la mama yake. Hakuwa amewahi kulivunja.

"Mama alisema mguu ndio unaoonyesha njia," alimwambia Genoveva.

"Alisema kweli, kwa mwamba alioujua yeye. Lakini kila siku anayekaa pale ni mwingine. Hata hizi hazitoshi peke yake. Mwiba mkali unaweza kupenya. Chukua na fimbo. Gusa mbele kabla hujakanyaga. Samaki akiguswa atasogea, jiwe halitasogea. Na usiingize mkono kwenye shimo usiloliona ndani. Usigeuze jiwe, na ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa."

"Na maua?"

"Maua usiyakanyage. Hilo la mama yako halina makosa. Pita kwenye mchanga."

Bamvua ilirudi. Walishuka pwani wanne: Mwanabaraka, Nusaiba, Mwajabu na Genoveva. Jua lilikuwa na ukungu mwembamba mbele yake, na mwamba wote ulikuwa na rangi moja ya fedha. Genoveva alimshika Nusaiba mkono kama mtoto. Hakujua jina la jiwe lolote. Kwa hiyo aliogopa yote, na kwa kuwa aliyaogopa yote, aliyatazama yote. Aliligusa kila jiwe kwa fimbo, ko, ko, akangoja, ndipo akapita.

"Unawabishia hodi?" Mwajabu alimtania.

"Nabisha hodi. Mie mgeni."

Walipita mahali palipokuwa Jungu. Vile vipande vilikuwa vimetulia, maji yamevizoea. Mwanabaraka hakusimama. Alikwenda mpaka kwenye lile jiwe dogo la kukanyagia, akalinyooshea fimbo.

"Ni hapa. Lile pale. Mnaona? Jiwe tu."

Genoveva aliinama. Alitazama kwa muda.

"Lipi?"

"Hilo."

"Naona mawili."

"Ni moja. Nalijua tangu..."

"Mama Nusaiba, ni mawili. Moja limekaa juu. Lingine liko kando yake, chini kwenye mchanga. Hili la chini lina mdomo."

Wote waliinama. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Palikuwa na mchanga, na kando ya jiwe la kukanyagia palikuwa na kijiwe kisichozidi kiganja, chenye vipele na mwani wa kahawia. Kisha, kwa jinsi unavyoiona sura ya mtu gizani baada ya macho kuzoea, walimwona. Mdomo umepinda kwenda chini. Jicho moja dogo linatazama juu. Shavu linapanda na kushuka, polepole, bila haraka yoyote. Kumbe alikuwa anapumua muda wote. Siku ile pia alikuwa anapumua.

Kidagaa kimoja kilikuja kikinusanusa mwani. Kilifika mbele ya ule mdomo. Hakuna aliyeona tendo lenyewe. Kidagaa kilikuwepo, kisha hakikuwepo, na maji yalitikisika kidogo yakatulia. Jiwe lilikuwa jiwe tena.

"La ilaha illallah," alinong'ona Mwajabu.

Mwanabaraka alihisi kitu kinamfunguka kifuani. Hakuwa shetani. Mwamba haukumkataa mtu. Alikuwa kiumbe mdogo mwenye sura mbaya, amekaa kwake, anangoja riziki, naye akamkanyaga mgongoni huku anaongea. Alikaribia kucheka, na machozi yalikuwa karibu vilevile.

"Nilijua njia mno," alisema. "Ndiyo maana sikumwona."

Nusaiba alinyoosha fimbo, akagusa mchanga mbele ya samaki. Ko. Samaki hakukurupuka. Alijiinua kidogo, akasogea kando kwa uvivu mkubwa, akajifukia upya.

"Mama," alisema Nusaiba, "mawe yote yana majina. Hili halina."

"Lipe wewe. Mwamba ni wako."

Nusaiba alitazama fimbo yake, akamtazama na Genoveva.

"Liitwe Hodi."

Siku hiyo walimtoa pweza mmoja kwenye Kitanda, wakayarudisha mawe kama walivyoyakuta. Mwajabu alikwenda kuwaambia wanawake wengine, na alivyosimulia, hadithi ile ilizidi kunoga kila nyumba. Lakini hakuisahau sehemu ya maji ya moto, wala ya kutupa wembe. Kabla ya masika, Mfaume alikuwa ameshona katambuga za nusu ya kitongoji, na mitaimbo ilikuwa imebaki nyumbani. Mwaka uliofuata kijana mmoja mvuvi alichomwa mkono. Mama yake alitia sufuria motoni kabla hata hajamwita Genoveva.

Jungu halikuwa Jungu tena. Matumbawe hayakui kwa haraka ya binadamu. Lakini katikati ya vipande vile alivyovipanga Mfaume, baada ya muda, Nusaiba aliona maganda ya kaa yametupwa nje.

Ikafika bamvua ambayo Nusaiba alikwenda peke yake. Mwanabaraka alibaki mchangani, ameketi, mguu wake wa kulia ameunyoosha juani. Binti yake alizidi kwenda mbali, akawa mdogo kwenye ule mng'ao. Fimbo yake ilisikika juu ya maji. Ko, ko. Hodi, hodi. Aliyabishia hata mawe aliyoyajua kuliko uso wake.

Kisha fimbo ilinyamaza. Mwanabaraka alisimama. Alimwona binti yake kule mbali, ameinua mguu mmoja, ameuacha hewani. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akausogeza pembeni, akaushusha mchangani, akapita.